Michezo ya pati na vikundi vya matineja: ipi ianze, ipi isubiri, na ipi uachane nayo kabisa

Kabla hatujafika kwenye michezo yenyewe kuna kitu kimoja lazima tukiweke sawa, maana hapa ndo waandaaji wengi wanakwama. Matineja hawachukii kucheza. Wanachochukia ni kuangaliwa. Mtoto wa miaka 8 ukimwambia njoo mbele anakuja mbio hata hajajua anaitiwa nini, yule yule akifika 14 ukimwita mbele ya wenzake ghafla mguu unauma, na sio kwamba amekuwa mkorofi, ni umri tu, macho yakimgeukia anahisi kila mtu anamkagua kuanzia viatu mpaka nywele.

Kwahiyo ukiwa unapanga shughuli ya kundi, iwe kambi, klabu ya shule, bethidei, kikundi cha dini, chochote kile, usianze kwa kujiuliza mchezo gani unachekesha. Jiulize: kwenye huu mchezo kuna mtu atabaki amesimama peke yake wengine wanamtazama? Kama yupo, huo mchezo usiwe wa kwanza. Unaweza ukaja kuwa wa tano na ukanoga kweli kweli, ila wa kwanza hapana. Alafu swali la pili: anayetolewa anaenda wapi? Ile michezo ya kugombania viti muziki ukizima, unakuta kati ya watu 25 wa kwanza kutoka anakaa pembeni robo saa nzima akiangalia wenzake wanafurahi, na mara nyingi anayetoka wa kwanza ndo yule yule mpole ambaye ulikuwa unataka achangamke. Sasa hapo umemsaidia nini.

Ukishika hayo mawili, michezo yoyote unaweza kuipima mwenyewe, hata ambayo sijaitaja humu.

Wakati bado wanaingia

Dakika 15 za kwanza ndo ngumu kuliko zote. Wanaofahamiana wamejazana kona moja wanacheka vya kwao, waliokuja peke yao wako ukutani na simu, na wewe unasubiri watu watimie ndo uanze. Usisubiri. Kila anayeingia apewe kitu cha kufanya pale pale mlangoni, na kwa hapo mimi sijaona kinachoishinda bingo ya watu.

Unachora karatasi yenye vyumba 16, nne kwa nne, kila chumba unaandika kitu: anayeweza kupiga mluzi kwa vidole, aliyewahi kuvunjika mfupa, mwenye jina linaloanza na herufi sawa na lako, anayelala na soksi, aliyesoma kitabu kizima mwezi huu, anayeogopa kuku. Mtu anazunguka anatafuta watu wa kujaza majina, wa kwanza kupata mstari anapiga kelele. Sheria ya kutilia mkazo ni moja, jina moja linaingia mara moja tu kwenye karatasi yako, bila hiyo mtu atamkamata rafiki yake mmoja amjazie vyumba vyote 16 na mchezo umeishia hapo. Na kwenye kuandika vyumba kuwa makini, usiweke chochote kinachogusa mwili wa mtu, hela za kwao, wazazi wake au mapenzi. Chumba kilichoandikwa "mwenye mpenzi" unaona kama utani, ila kuna mtu kitamharibia siku.

Uzuri wa bingo ni kwamba aliyekuja peke yake anapata sababu ya kumsogelea mtu asiyemjua. Hakuna wa kumshangaa, ametumwa na karatasi.

Wa kufungulia rasmi: treni ya jiwe, karatasi, mkasi

Kama utachukua mchezo mmoja tu kwenye maelezo yote haya, chukua huu. Hauhitaji kifaa, unafaa kwa watu 20 hata 100, na hauchukui hata dakika kumi.

Kila mtu anatafuta mwenzake wanapiga jiwe, karatasi, mkasi (ngumi ni jiwe, kiganja ni karatasi, vidole viwili ni mkasi; jiwe linafunga mkasi, mkasi unafunga karatasi, karatasi inafunga jiwe), mara moja tu, wakifanana wanarudia. Aliyefungwa haendi kukaa. Anapita nyuma ya aliyemfunga, anamshika mabega na anaanza kulitaja jina lake kwa kelele kama shabiki. Yule mshindi anatembea na treni yake ya mtu mmoja mpaka akutane na mshindi mwingine, wanapiga tena, anayefungwa anajiunga nyuma yeye na mkia wake wote. Mwisho yanabaki matreni mawili, nusu ya ukumbi inapiga kelele jina moja na nusu nyingine jina lingine, na katikati wamesimama watu wawili ambao nusu saa iliyopita pengine hakuna aliyekuwa anawajua.

Hesabu yake iko hivi: kila raundi nusu inatoka, kwahiyo watu 32 wanamaliza kwa raundi tano, 64 raundi sita, na hata wakiwa mia hawavuki raundi saba. Ndo maana nasema hauchoshi. Angalia pia inavyojibu yale maswali mawili ya mwanzo, aliyetolewa ana kazi, na kazi yenyewe ni kupiga kelele, kitu ambacho tineja yeyote anakiweza. Wale wawili wa mwisho kweli wanatazamwa na kila mtu, ila wanatazamwa huku wanashangiliwa, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kama wanaonekana bado wamelala, rudia mara ya pili papo hapo. Mara ya pili huwa inakuwa na makelele zaidi maana sasa wanajua inavyoishia.

Baada ya hapo unaweza kuwapangisha mstari kwa tarehe za kuzaliwa bila kuongea, Januari huku Desemba kule, wanatumia vidole na ishara tu. Ni wa dakika tano, unawatuliza, na una faida ya siri: mstari ukishakamilika unaukata vipande unapata timu bila mtu kuchaguliwa.

Na hilo la timu naomba nilisisitize. Usiweke makapteni wawili wakachagua watu mmoja mmoja mbele ya wote. Kila aliyewahi kubaki wa mwisho pale anakumbuka mpaka leo. Hesabuni moja mbili tatu nne, gawa vikaratasi vya rangi, katisha mstari, chochote, ila sio kuchaguana.

Jinsi ya kuelezea sheria bila kupoteza watu

Nimeweka hapa katikati makusudi maana kuanzia hapa michezo inaanza kuwa na sheria nyingi kidogo. Kwanza wapange kwenye mkao wa mchezo, duara ni duara, mistari ni mistari, ndo uanze kuongea. Ukielezea kwanza alafu ukasema haya jipangeni, wakimaliza kujipanga wameshasahau nusu. Pili, ongea chini ya dakika moja. Zaidi ya hapo wa nyuma wameshaanza stori zao. Tatu, chezeni raundi ya majaribio isiyohesabiwa, maana kuna watu hawaelewi mpaka waone, na wengine wameelewa vizuri tu ila wanaogopa kukosea mbele za watu, sasa raundi ya majaribio inawapa ruhusa ya kukosea.

Ukiona umeelezea mara mbili na bado wanauliza, mchezo ni mgumu kuliko kundi lilivyo siku hiyo, achana nao nenda mwingine. Hakuna atakayekudai.

Fundo la watu

Huu wengi wanaujua ila wanauchezesha vibaya. Watu 8 mpaka 10 wanasimama duara, kila mmoja ananyoosha mkono wa kulia anashika mkono wa mtu wa ng'ambo, alafu wa kushoto anashika wa mtu mwingine tofauti, na hairuhusiwi kushika jirani yako. Hapo wameshafungana fundo, kazi ni kujifungua bila kuachia.

Makosa ya kawaida ni kuweka watu 15 au 20 kwenye fundo moja, hapo wa katikati wanabanwa na wa pembeni wanazungumza mambo yao. Gawa makundi. La pili, mwandaaji anadhani kila fundo linafunguka kuwa duara moja. Sio kweli. Kuna wakati wanatoka maduara mawili, wakati mwingine maduara yamepitana kama pete za mnyororo, na kuna mafundo ambayo hata wakae mpaka usiku hayafunguki bila mtu kuachia. Kwahiyo wakifika dakika kama nane hawajatoka, wape ruhusa ya kuachia mikono ya watu wawili mara moja tu, wakubaliane wenyewe wapi. Mabishano ya hapo ndo utamu wa mchezo wote.

Na sio kila mtu anapenda kushikwa na watu asiowajua, hasa kundi likiwa mchanganyiko wa wavulana na wasichana, na kuna familia zina msimamo wao juu ya hilo. Suluhisho rahisi: kila mtu anashika vipande vya kamba au vitambaa vya urefu wa mkono mmoja badala ya viganja. Wape wote vitambaa toka mwanzo, usimpe anayelalamika peke yake, maana hapo utakuwa umeshamtangaza.

Maneno kwenye bakuli

Huu ndo mchezo wangu wa katikati ya shughuli na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ukiangalia ulivyojengwa utaelewa kila nilichokisema hapo juu.

Kila mtu anapewa vikaratasi viwili anaandika neno au jina moja kwenye kila kimoja, kitu ambacho kundi zima linakijua: mnyama, mtu maarufu, kazi, chombo cha jikoni, mahali. Anakunja anaweka kwenye bakuli. Watu 20 wanakupa vikaratasi 40, vinatosha kabisa. Gawa timu mbili. Mtu mmoja wa timu ya kwanza anashika bakuli, anapewa dakika moja, anachomoa kikaratasi na kuwafanya wenzake wakitaje, wakipata anachomoa kingine, dakika ikiisha bakuli linahamia timu ya pili. Vikaratasi vyote vikiisha mnahesabu pointi, mnavirudisha vyote vile vile kwenye bakuli na mnaanza raundi ya pili.

Sasa raundi ziko tatu. Ya kwanza unaeleza kwa maneno unavyotaka ila usitaje neno lenyewe. Ya pili unaruhusiwa neno moja tu. Ya tatu hakuna kuongea, ni kuigiza.

Ukiwaambia matineja mwanzoni kabisa njooni muigize bila kuongea, utapata ukimya na watu wanaangalia dari. Lakini kwenye huu mchezo wakifika raundi ya tatu maneno yote wameshayasikia mara mbili na kila neno limeshapata historia yake. Kwa mfano raundi ya kwanza mtu amepata "mamba", kababaika akasema "yule mjusi mwenye hela", ukumbi ukacheka. Raundi ya pili mwingine akapata kikaratasi hicho hicho akasema tu "tajiri", wakajua. Raundi ya tatu anakipata binti mmoja mkimya, anachofanya ni kuhesabu noti za hewani kwa mikono miwili mifupi, sekunde mbili timu nzima inapiga kelele MAMBA. Ameigiza mbele ya watu wote na wala hajagundua kama ameigiza. Ukimwita mwanzoni usingempata.

Angalizo dogo, pitia vikaratasi haraka kabla ya kuanza utoe matusi na majina ya watu waliomo humo ndani. Watakuwepo wawili watatu waliojaribu, usifanye kesi, toa tu endelea.

Mafia

Huu una historia ya kueleweka, ulitungwa na Dimitry Davidoff mwaka 1986 akiwa mwanafunzi wa saikolojia chuo kikuu cha Moscow, alafu ukasambaa dunia nzima kwa watu kufundishana tu. Wazo lake ni rahisi na ndo maana unashika: wachache wanajuana, wengi hawajui kitu, nani atashinda.

Mnakaa duara, msimulizi anagawa kadi kwa siri. Kwa watu 12 weka mafia watatu, daktari mmoja, mpelelezi mmoja, wengine raia wa kawaida. Msimulizi akisema ni usiku, wote wanafumba macho, mafia wanafumbua wanachagua wa kumuua kwa kidole, wanafumba, daktari anafumbua anachagua wa kumwokoa, mpelelezi anachagua wa kumchunguza na msimulizi anamjibu kwa kichwa kama ni mafia au la. Asubuhi wote wanafumbua, msimulizi anasema nani hayupo tena, na hapo unaanza ubishi wa kumtafuta muuaji mpaka mpige kura ya kumtoa mtu. Raia wanashinda mafia wakiisha, mafia wanashinda wakilingana na waliobaki.

Msimulizi mzuri anapiga makofi mapajani au anagonga meza taratibu wakati wa usiku, wote wafanye hivo kwa pamoja, maana bila kelele mtu anasikia kiti cha jirani kimelia na upelelezi umekwisha. Na simulia vifo kwa kuchekesha, marehemu alikutwa kajikwaa kwenye kamba ya kuanikia nguo, sio damu na visu.

Udhaifu wa mafia ni ule ule wa waliotolewa. Aliyeuawa usiku wa kwanza anaweza kukaa dakika 30 bila kazi. Dawa yake ziko kadhaa: wafu wanaruhusiwa kufumbua macho usiku waone kila kitu, ambayo inageuka raha ya aina yake kwa sababu sasa wanawaona wenzao wakidanganya waziwazi, au mfu wa kwanza anakuwa msimulizi msaidizi na ndo anatunga vifo vinavyofuata. Mkiwa 24 msicheze duara moja, fanyeni mawili. Na usiwape mafia kabla hawajazoeana, kumshutumu mtu usiyemjua hakuna raha, kumshutumu uliyecheka naye saa nzima ndo kuna raha.

Mnara wa tambi

Kwa wale wanaosema "michezo ya kitoto sitaki", hapa ndo unawapata. Timu za watu wanne, kila timu inapewa tambi mbichi 20, kama sentimita 90 za selotepu na 90 za uzi, na marshmallow moja (ile peremende laini inayobonyea kama sponji). Dakika 18. Mnara uwe mrefu kadri inavyowezekana, usimame wenyewe, na marshmallow iwe nzima juu kileleni. Zoezi hili lilibuniwa na Peter Skillman na likajulikana zaidi kupitia Tom Wujec aliyelifanya na makundi mengi sana, akawa anaeleza kwamba watoto wa chekechea kwa wastani wanawazidi wahitimu wa vyuo vya biashara. Sababu aliyoitoa ni kwamba wahitimu wanatumia muda kupanga na kujua nani bosi, wanajenga, alafu sekunde za mwisho ndo wanapandisha marshmallow juu na kila kitu kinakunjika. Watoto wao wanaiweka juu toka mwanzo, inaanguka, wanajenga tena.

Usiwaambie hayo kabla. Wacha wagundue, alafu wape raundi ya pili uone mabadiliko.

Kama kuchezea chakula hakukai vizuri kwa kundi lako, tumia mirija na kipira kidogo, au magazeti na selotepu tu, mnara wa magazeti unafika juu ajabu. Ila kitu cha juu lazima kiwe na uzito kidogo, kikiwa chepesi sana mchezo unakuwa mrahisi mno.

Nje, kwa wenye nguvu za ziada

Hapa sitakaa sana, michezo ya kukimbia kila mtu anaijua. Kuiba bendera, ule wa timu mbili kila moja inavizia bendera ya wenzake, ni mzuri kama una uwanja mkubwa. Kurushiana maputo ya maji wawili wawili, kila mkidaka mnarudi nyuma hatua moja, unafaa siku ya joto, ila uliza kwanza kama kuna mwenye mzio wa mpira unaotengenezea maputo na okota vipande vyote vikiisha. Mpira wa kulengana uwe laini na kipigo kihesabiwe chini ya mabega tu.

Kuvuta kamba ndo nataka niseme neno. Ni mchezo mkubwa, ulikuwepo hata kwenye Olimpiki kuanzia 1900 mpaka 1920, na watu wanauchukulia poa mno. Mtu asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni, hata kidogo, na usitumie kamba yoyote uliyoikuta stoo. Mwaka 1997 huko Taipei kamba ilikatika kwenye mashindano ya watu zaidi ya elfu moja na wanaume wawili wakakatika mikono yao ya kushoto. Idadi ndogo, kamba nene iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mikono mitupu.

Msako wa picha nao unawafaa wale wa simu. Mimi siko kwenye kundi la wanaokusanya simu kwenye kapu mlangoni, unaanza shughuli watu wameshanuna. Mikono ikiwa na kazi simu zinaingia mfukoni zenyewe, na kwa msako simu inakuwa kifaa. Timu ya watu watano, simu moja, orodha ya picha 12, dakika 40. Weka vitu vya kufanya na sio vya kuona tu: timu nzima iko hewani hakuna mguu uliogusa chini, miili imetengeneza herufi tatu za kwanza za jina la kundi, mtu mmoja anaonekana ana mikono sita. Vya kuchekesha vipe pointi nyingi. Mipaka iwe wazi, wasivuke barabara, wasipige picha watu wasiowajua bila ruhusa, na mkubaliane toka mwanzo kwamba picha hazipandishwi mtandaoni mpaka kila aliyemo akubali. Mwisho mnaziangalia wote pamoja, hapo ndo vicheko vyenyewe vilipo.

Yule asiyetaka kucheza

Yupo kila kundi. Kosa kubwa ni kumwita kwa sauti "na wewe njoo bwana usiogope", hapo umefanya kile kile anachokikimbia. Mpe kazi: saa, kuhesabu pointi, kuchagua nyimbo, urefa. Refa wa leo mara nyingi anaomba kucheza mwenyewe baada ya nusu saa, na asipoomba pia sio mbaya, yupo na amefurahi kwa njia yake. Mwenye ulemavu au anayeumwa usimfikirie dakika ya mwisho, muulize pembeni mapema anapenda ipi, alafu panga siku nzima ukiwa unajua hilo, sio kumtafutia mchezo wake wa pekee pembeni.

Pia wa miaka 13 na wa 18 sio watu sawa. Ukiwachanganya kwenye kukimbia na kusukumana wadogo wataumia, ila kwenye maneno, mafia na minara wanalingana kabisa, na kuna dogo wa 13 atawaongopea wakubwa wote mpaka washangae.

Ya kuachana nayo

Mchezo wa kujaza vitu mdomoni kuona nani anaweza vingi, marshmallow hasa, acha kabisa. Watu wameshakufa kwa kukabwa. Mashindano ya kula haraka nayo hivo hivo, na kama utatumia chakula chochote uliza kwanza nani ana mzio, karanga, maziwa na mayai hasa. Ule wa kusema ukweli au kufanya unachoambiwa unaanza vizuri, raundi ya tatu mtu anaulizwa kitu ambacho jumatatu shule nzima itakuwa inakijua. Na yoyote ambayo raha yake ni mtu mmoja asiyejua kinachoendelea huku wengine wanajua, hiyo sio michezo, ni kumcheka mtu.

Mpangilio wa saa mbili

Mimi ningefanya hivi: bingo wakiingia, treni mara mbili, mstari wa tarehe za kuzaliwa unaokupa timu, fundo au kitu cha kukimbia kama kuna nafasi, mapumziko ya kunywa maji, maneno kwenye bakuli nusu saa, alafu mafia au mnara kutegemea kundi lina mdomo au lina mikono. Weka mchezo mmoja wa akiba kwa ajili ya mvua au umeme kukatika. Na kila mchezo ukate wakati bado wanasema "moja tena", usisubiri waanze kupiga miayo, kesho yake wataukumbuka kwa hamu na wiki ijayo wataudai wenyewe.

Wa kufungia, kama kundi litakutana tena, fanya karatasi za kuzunguka. Kila mtu anaandika jina lake juu ya karatasi, anampa wa kulia, na kila karatasi ikifika mkononi mwako unaandika kitu kimoja kizuri ulichokiona kwa mwenye jina leo, kilichotokea leo, sio "uko poa". Kuna wanaobandika karatasi mgongoni watu wakazunguka wakiandika, siipendi, maana maarufu anatoka na maneno 20 na mwingine anatoka na mawili. Kwenye duara kila mtu anapata idadi ile ile. Zikimaliza kuzunguka zikusanye kwanza kwako uzipitie, mpuuzi mmoja anatosha kuharibu, ndo uzigawe. Na kalamu zote ziwe rangi moja, la sivyo watakaa nusu saa nyingine wanatafuta nani alikuwa na ya kijani.